Kabla ya Kufomati, Uliza Nani Anakula

Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi baada ya Alasiri, Kamenu, Thika

Nilipoambiwa nami niandae mada, nilijiuliza nitasema nini mbele ya watu walionifunza alifu na be. Mambo makubwa yana wenyewe, na wameshayazungumza. Mimi nitazungumzia jambo dogo ambalo sasa limo katika nyumba zetu nyingi: laptopu ambayo imekuwa nzito, inawaka moto, feni inalia mchana kutwa, na kazi haiendi. Huenda mtu akasema hii ni mada ya darasani. Naomba asubiri kidogo, nimweleze kwanza ilichonigharimu.

Nilipoingia chuo, mama alininunulia laptopu. Haikuwa mpya. Ilikuwa moja ya zile zilizotumika maofisini ng'ambo, zikaletwa kuuzwa Luthuli kule Nairobi. Sh22,000. Pesa ile ilikuwa zamu yake ya chama, zamu aliyokuwa akiingojea abadilishe mabati ya jikoni. Mabati hayakubadilishwa. Mpaka leo mvua ikinyesha tunaweka sufuria pale kwenye kona.

Mwaka wa kwanza laptopu ilikwenda vizuri. Mwaka wa pili ikaanza visa. Ukiiwasha, unaenda kutawadha, unarudi, bado inazungusha kile kiduara chake. Ukiandika, herufi zinakuja baadaye, kama mtu anayeitwa akaitika akiwa njiani. Feni ilikuwa inanguruma kama mashine ya kusagia mahindi, hata nikiwa sijafungua chochote. Betri iliyokuwa ikikaa saa tatu ikawa haimalizi saa moja.

Nikaipeleka kwa fundi. Simtaji jina, na si yeye peke yake mwenye makosa. Aliishika kwa chini akasikia moto, akasema, "Hii prosesa imeshachoka. Tufomati, na ikikataa, tafuta nyingine." Akaniuliza kama kuna kitu muhimu ndani. Nikamwambia kazi zangu za chuo ziko kwenye flashi. Akafomati. Saa mbili, Sh1,500, nikatoka pale nimefurahi kwa sababu ilikuwa nyepesi kama siku ya kwanza.

Jioni nikakumbuka. Likizo moja nilikaa na nyanya nikamrekodi kwa simu. Vipande 11. Alieleza babu alivyokuja Thika kutafuta kazi, walivyopata chumba cha kwanza, nani alimzaa nani. Akataja majina ya watoto wake wawili waliofariki wakiwa wachanga, majina ambayo hata mama hakuwahi kuyasikia. Simu ilipojaa nilivihamishia kwenye laptopu, nikavifuta kwenye simu. Nyanya alishafariki miezi minne kabla ya siku ile niliyokwenda kwa fundi. Allah amrehemu.

Nilitafuta folda ile mpaka usiku wa manane. Haikuwapo. Halafu, siku ya tisa tangu kufomati, feni ikaanza kunguruma tena. Kwa hivyo nililipa pesa, nikapoteza sauti ya nyanya, na ugonjwa ukabaki palepale.

Jambo ninalotaka mtoke nalo hapa ni moja. Laptopu ikiwa nzito, usianze na dawa. Anza na swali: nani anakula? Mashine yenyewe itakujibu, tena bure.

Prosesa ni nini?

Kwa mama zetu nitafananisha na jikoni. Prosesa ni mpishi. RAM ni meza anayopikia. Diski ni stoo ambamo unga na mchele vimewekwa. Chakula cha futari kikichelewa, hatusemi moja kwa moja kwamba mpishi amezeeka. Pengine amepewa kazi za nyumba tatu kwa wakati mmoja. Pengine meza imejaa, hana pa kuweka sinia. Pengine stoo iko mbali na kila kitu lazima kifuatwe. Pengine jikoni mna joto mpaka inabidi apumzike kila dakika. Na pengine kuna mtu ameingia kwa mlango wa nyuma, anampikisha chakula cha kwenda kuuza kwingine.

Yote hayo, ukiwa nje, unaona kitu kimoja tu: futari imechelewa. Ndiyo maana fundi anayeshika laptopu kwa mkono na kusema "prosesa imechoka" hajapima kitu. Prosesa kwa kawaida haichoki ikawa nzito kwa umri wake. Ikiwa haijaungua, hesabu inayofanya leo ndiyo iliyofanya ilipotoka kiwandani. Kinachobadilika ni kazi inayopewa na joto linaloizunguka.

Kwanza: tazama kabla ya kugusa

Kwenye Windows, bonyeza vitufe vitatu kwa pamoja: Ctrl, Shift na Esc. Itafunguka Task Manager. Ikija ndogo isiyo na maelezo, bofya "More details". Hapo utaona orodha ya programu zote zinazofanya kazi, na mbele ya kila moja asilimia. Bofya juu ya neno CPU, na ile inayokula prosesa zaidi itapanda juu ya orodha.

Usihukumu dakika ileile uliyoiwasha. Laptopu ikiwaka ina mambo mengi ya kupanga. Ngoja dakika tano mpaka kumi, usifungue kitu, kisha tazama. Laptopu iliyotulia, haifanyi kazi yoyote, aghalabu huwa chini ya asilimia 10. Ikiwa umeiacha tu na CPU imekaa 80, 90 au 100 bila kushuka, basi kuna anayekula.

Tazama pia safu zilizo jirani. Kama CPU iko chini lakini Disk imeganda kwenye 100, tatizo ni stoo. Laptopu nyingi za zamani zina diski ile ya kuzunguka, na ukiitoa ukaweka SSD utadhani umenunua mashine nyingine. Kama Memory iko 90 na zaidi, meza imejaa: punguza unavyofungua au ongeza RAM. Haya ni magonjwa matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake. Wengi wetu tunayatibu yote kwa kufomati.

Pili: wajue wenyeji na wageni

Ukiona jina usilolijua, usikimbilie kuliua. Wengine ni wenyeji wa nyumba.

"System Idle Process" ikionyesha 95, usiogope. Hiyo ni hesabu ya muda ambao prosesa haina kazi. Ikiwa juu ndiyo vizuri. Nimewaona watu wakihangaika kutaka kuiondoa.

"Antimalware Service Executable" ni mlinzi wa Windows mwenyewe, Defender, akikagua mafaili. "Windows Modules Installer Worker" ni Windows ikijisasisha. "Search Indexer" inaandika orodha ya mafaili yako ili ukitafuta uyapate haraka. Hawa watatu wanaweza kula sana kwa saa moja au mbili, hasa kama laptopu ilikaa muda bila intaneti. Kosa letu ni kwamba sisi wa bando tunawasha intaneti kidogo, mashine inaanza kujisasisha, tunaizima katikati, na kesho inaanza tena. Kila siku inaanza na haimalizi. Ukipata mahali pana intaneti ya kutosha, iweke kwenye chaja juu ya meza, iache wazi, wewe nenda zako Tarawehe. Uirudie ukishamaliza, kisha uiwashe upya. Wengi watapona hapo hapo.

"System interrupts" ikikaa juu, hiyo ni dalili ya kifaa kinachosumbua au draiva mbovu. Chomoa kila kilichochomekwa kwenye USB, kimoja kimoja, huku ukitazama. Pengine ni maus ya Sh300 tu.

Kisha kuna "svchost.exe", ambazo zitakuwa nyingi. Msizizime ovyo, kwa sababu zinabeba huduma za Windows zenyewe. Hapa nitawapa kisa cha kweli. Mwishoni mwa 2013, kompyuta nyingi za Windows XP duniani, pamoja na zile za XP zilizokuwa bado zimejaa kwenye saiba, zilikuwa zikiwashwa tu svchost inapanda hadi asilimia 100 na kukaa hapo kwa muda mrefu. Watu walinunua RAM, wakafomati, wakafomati tena, na hali ikarudi. Kumbe kosa lilikuwa kwa Microsoft wenyewe. Sehemu ya kutafuta masasisho ilikuwa inapitia orodha ndefu ya masasisho ya zamani ya Internet Explorer yaliyokwisha kupitwa, na kadiri orodha ilivyorefuka, kazi ilizidi kwa namna ya kutisha. Januari 2014 waliifupisha orodha ile, na mashine zilezile zilizoitwa nzee zikarudi kufanya kazi. Mashine hazikuwa na kosa lolote.

Tatu: brauza

Kwa sisi wanafunzi, mara nyingi anayekula ni brauza. Unaambiwa Chrome inakula asilimia 70, lakini Chrome ina kurasa 25 ulizozifungua. Ni ipi? Ukiwa ndani ya Chrome kwenye Windows, bonyeza Shift na Esc. Itakuonyesha kila ukurasa na kila kiongezo, na kiasi kinachokula. Funga kile kinachokula, si vyote. Viongezo ambavyo hukumbuki ulivyovipata, viondoe.

Na ukurasa unaweza kukula bila wewe kujua. Septemba 2017 ilianza huduma iliyoitwa Coinhive, iliyomwezesha mwenye tovuti kuweka mistari michache ya programu, na kila anayefungua tovuti ile prosesa yake inatumiwa kuchimba sarafu za kidijitali. Mwezi huohuo tovuti ya Pirate Bay, ambayo vijana waliijua kwa filamu za bure, ilikutwa ikifanya hivyo. Tarehe 11 Februari 2018 wahalifu waliingilia programu ya Browsealoud, inayowasomea kurasa watu wenye shida ya kusoma, na tovuti zaidi ya 4,000 zikawa zinachimba bila wenyewe kujua. Miongoni mwao ilikuwamo tovuti ya ofisi ya Uingereza inayolinda habari za watu. Coinhive ilifungwa Machi 2019, lakini mchezo wenyewe haukwisha. Ulihamia zaidi kwenye programu tunazojiwekea kwa mikono yetu.

Nne: wanaoamka na mashine

Kwenye Task Manager kuna sehemu inayoitwa Startup. Hizo ni programu zinazojiwasha kila ukiwasha laptopu: ya kupiga simu za video, ya muziki, ya printa uliyotumia mara moja mwaka juzi. Bofya moja, kisha "Disable". Hujaifuta, umeiambia tu ingoje iitwe. Usiguse mlinzi wako wa virusi wala sauti na kipanya. Wengineo unaweza kuwaambia wapumzike.

Tano: joto na vumbi

Sisi wa Kamenu tunalijua vumbi letu. Kiangazi ukifuta meza asubuhi, adhuhuri unaandika jina lako juu yake. Vumbi hilohilo linaingia kwenye feni ya laptopu na kujikunja kama pamba mbele ya tundu la kutolea joto.

Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi ili isiungue. Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kasi ikipungua, kazi ndogo ileile iliyokuwa ikichukua asilimia 20 inaweza kuchukua 80. Task Manager itakuonyesha CPU iko juu, na utadhani kuna programu mbaya, kumbe ni joto. Namna ya kujua: ingia sehemu ya Performance, bofya CPU, utazame panapoandikwa Speed. Linganisha na "Base speed" iliyo kando yake. Kama mashine ina kazi nyingi na Speed imekaa chini sana ya ile ya asili, na upande wa laptopu haushikiki kwa moto, dawa ni kusafisha.

Izime kabisa, chomoa chaja. Puliza hewa kwenye matundu kidogo kidogo, na kama unaifikia feni, izuie kwa kijiti cha meno isizunguke ovyo. Ukiona huwezi kuifungua, hapo fundi ana kazi yake ya haki: kuifungua, kusafisha na kubadilisha ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupozea, ambayo hukauka baada ya miaka. Na tuache kuiweka laptopu juu ya godoro na blanketi. Inavuta hewa kwa chini. Ukiiweka kitandani ni kama umeiziba pua.

Chaja nayo itazameni. Baadhi ya laptopu za Dell, zikishindwa kuitambua chaja, hupunguza kasi ya prosesa. Nyingi ya zile tunazonunua zimetumika huja bila chaja zake za asili. Kama ikiwa kwenye chaja ni nzito na ikiwa kwenye betri ni nyepesi, jaribu chaja ya asili kwanza kabla hujaambiwa habari za prosesa.

Sita: mgeni wa mlango wa nyuma

Sasa narudi kwangu. Laptopu ilipoanza kunguruma tena baada ya kufomati, mwenzangu wa chumbani aliketi kando yangu, hakuigusa. Akasema, "Fungua Task Manager." Nikafungua. CPU ilikuwa 100, mara ikaanguka mpaka 6. Feni ikanyamaza. Nikasema, "Unaona, imepona." Akasema, "Sasa ifunge." Nikaifunga. Dakika mbili, feni ikaanza. Tukafungua, ikanyamaza. Tukafunga, ikanguruma.

Akacheka. Akaniambia, "Huyu anajificha ukimtazama." Na ni kweli, ziko programu za kuchimba sarafu zilizotengenezwa hivyo: zikiona Task Manager imefunguliwa, zinajizima, ukiondoka zinarudi. Mkiona dalili hiyo, mjue si uzee wa mashine.

Akaniuliza, "Baada ya kufomati uliweka nini?" Nikamtajia programu ya hesabu za takwimu tuliyotakiwa kuitumia darasani. Yenye leseni ni ghali, kwa hivyo darasa zima tulipeana ile iliyovunjwa, wenyewe tunaita kraki, kwenye flashi moja. Maelezo yake yalisema: zima antivirasi kwanza, kisha weka. Nami nilizima, tena mara mbili, kabla ya kufomati na baada ya kufomati. Fundi alimtoa mwizi nje, nami nikamfungulia mlango kwa mkono wangu.

Prosesa niliyonunuliwa kwa zamu ya chama ya mama ilikuwa ikimfanyia kazi mtu nisiyemjua, usiku na mchana, kwa umeme wa nyumbani kwetu. Na mimi nilikuwa namwambia mama laptopu aliyoninunulia ni mbovu.

Dawa yake ilikuwa hii. Tuliingia Windows Security, tukaenda "Virus & threat protection", tukabofya "Scan options", tukachagua ukaguzi wa "offline scan". Laptopu inajizima na kuwaka, inakaguliwa kabla Windows haijaamka, kwa hiyo mwizi hapati nafasi ya kujificha. Ilichukua kama robo saa. Alikamatwa. Kisha tukatazama palipoandikwa "Exclusions", kwa sababu kraki nyingi huandika humo folda yake ili mlinzi asiikague. Ilikuwamo. Tukaitoa. Tukaifuta programu yenyewe na kukagua flashi. Halafu nikabadilisha nywila zangu kwa kutumia simu, kwa sababu aliyeingia kuchimba anaweza pia kuwa amesoma.

Najua mtasema: vijana hawana pesa za leseni. Ni kweli, nami sina. Lakini tusiseme hatuna njia. LibreOffice ni bure na halali, inaandika barua na kupiga mahesabu. Ndugu yake mkubwa, OpenOffice, ilitafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 2004 na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakaiita Jambo OpenOffice. Kwa takwimu kuna R, nayo ni bure. Nilimwendea mwalimu wangu nikamweleza, akaniruhusu kutumia R. Kumbe ingetosha kuuliza.

Saba: kufomati kuna adabu yake

Sisemi kufomati ni haramu. Kuna wakati inabidi. Lakini iwe ya mwisho, na iwe na adabu.

Nakili mafaili yako kwenye kitu kingine, kisha yafungue kwenye mashine nyingine uone yanafunguka. Kunakili bila kufungua hujanakili. Usitazame folda ya kazi tu: tazama Desktop, Downloads, picha, sauti. Uliza kila anayeitumia mashine ile nyumbani, hata mdogo wako. Na kama umefuta kwa bahati mbaya, acha kuitumia mara hiyohiyo umwendee anayejua kurejesha. Mimi niliendelea kuitumia siku tisa, nikaandika juu ya kile nilichokuwa nakitafuta.

Ukienda kwa fundi, muulize maswali matatu. Umeona nini kinachokula? Umekiona wapi? Kufomati kutakiondoaje? Fundi mwema hatakasirika, atageuza skrini akuonyeshe. Na nyinyi mafundi mlio hapa, mashine ya mtu ni amana. Usikubali neno la mwanafunzi kwamba "hakuna kitu muhimu." Mwambie akae, afungue folda moja baada ya moja mbele yako. Ni dakika kumi tu.

Neno moja kuhusu mashine za zamani. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi prosesa za kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache. Kabla ya kununua laptopu iliyotumika, tazama namba ya prosesa: i5-8250U ni kizazi cha nane, i5-6300U ni cha sita. Ikiwa unayo tayari ya kizazi cha nyuma, usiitupe. Linux Mint na Ubuntu ni bure, zinakwenda vizuri kwenye mashine kama hizo, na mtoto wa sekondari anaweza kuandikia insha.

Ndugu zangu, laptopu yangu bado ni ileile. Hii mada nimeiandikia humo. Feni inasikika ukisogeza sikio tu. Mwaka huu ni wa mwisho wa chuo, na mama ameniuliza kama nitahitaji nyingine. Nimemwambia hapana, zamu ijayo ni ya mabati.

Vile vipande vya nyanya, kimebaki kimoja. Nilikuwa nimemtumia shangazi kwa WhatsApp. Dakika nne, nyanya analalamika bei ya unga, kisha anauliza kama hiki kidude bado kinashika sauti. Majina ya wale watoto wawili hayamo. Nilimuuliza kila mzee wa familia, hakuna anayeyakumbuka.

Basi usiku wa leo, baada ya futari, naomba kila kijana afanye mambo mawili nyumbani kwao. Afungue Task Manager atazame nani anakula. Na kabla ya hapo, achukue flashi anakili vile visivyonunulika.